Wunderlich Aliyekifikisha Kipimajoto Kitandani mwa Mgonjwa

Muulize mwanafunzi yeyote kiwango cha joto la mwili wenye afya, naye atakujibu pasi na kusita kuwa ni nyuzijoto 37 za Selsiasi. Lakini ni wachache mno wanaomfahamu aliyeieneza tarakimu hiyo ulimwenguni. Huyo ni Carl Reinhold August Wunderlich, tabibu wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka wa 1815 mjini Sulz, na kusomea utabibu katika Chuo Kikuu cha Tübingen.

Zama hizo, matabibu wengi waliitambua homa kwa kumgusa mgonjwa kwa kiganja. Kipimajoto kilikuwepo, kwani Santorio wa Italia alikwisha kuwapimia wagonjwa katika karne ya 17, ila wachache ndio waliokithamini. Wunderlich alipokabidhiwa kliniki ya Leipzig mwaka wa 1850, alikifanya kuwa chombo cha kila siku kando ya kitanda. Haikuwa kazi nyepesi. Chombo chenyewe kilikaribia urefu wa sentimita 30, na kilikaa kwapani kwa takriban dakika 20. Hata hivyo, wagonjwa walipimwa kila siku, asubuhi na jioni, na kila kipimo kikaandikwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka wa 1868 alichapisha kitabu kilichotokana na vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000. Humo alibainisha kwamba homa si ugonjwa bali ni dalili ya ugonjwa, na kwamba maradhi kama homa ya matumbo yana mwendo wake wa kupandisha na kushusha joto. Alionyesha pia kuwa joto la mtu mzima wa afya hupungua alfajiri na kuongezeka jioni. Alifariki mwaka wa 1877.

Tangu miaka ya 1970, wanasayansi wamekuwa wakiunda vihisio vinavyotambua hata joto hafifu linalotoka kimeng'enya kinapoivunja sukari, kwa nia ya kupima damu papo hapo bila kungojea maabara. Hilo ni jambo la kushangilia. Lakini maisha ya Wunderlich yatukumbusha kwamba kipimo kimoja kisichoandikwa hakina maana kubwa. Aliyempa daktari maarifa hakuwa kipimajoto peke yake, bali yule aliyerudi kitandani asubuhi na jioni, kalamu mkononi.

Isitoshe, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1992 ulipata wastani wa nyuzijoto 36.8 miongoni mwa watu wazima wenye afya. Basi walimu wetu wasiifundishe 37 kama amri isiyohojiwa. Wawape wanafunzi kipimajoto na daftari, wapimane asubuhi na alasiri kwa majuma mawili, kisha wachore grafu yao wenyewe. Hapo wataelewa tarakimu hiyo ilitoka wapi, na kwa nini yafaa kupimwa upya.