Mikono Ile Ile

Leo itazame mikono yako. Huenda umewahi kuambiwa kuwa haiwezi kutumika katika mawili: mzee wa kanisa hapaswi kuonekana uwanjani na bukta, mwanakwaya aachane na mieleka. Micheline Ostermeyer aliyajua maneno ya aina hiyo.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1922, akakulia Tunisia. Mama yake alimfundisha piano tangu akiwa na miaka minne, na alipofikisha 14 akapelekwa Paris kusomea muziki. Vita Kuu ya Pili ikamrudisha Tunis. Huko akawa anapiga piano redioni kila wiki, na huko huko akaanza riadha. Mwaka 1946 alipata tuzo ya kwanza ya piano chuoni Paris, na katika mashindano ya Ulaya kule Oslo akawa wa pili kwa kutupa tufe.

Olimpiki ya London, 1948, ndiyo ya kwanza ambayo wanawake walishindania tufe. Micheline alilisukuma lile la kilo nne hadi mita 13.75, akatwaa dhahabu. Tayari alikuwa na dhahabu ya kisahani, mchezo aliojifunza wiki chache tu kabla! Baadaye akaongeza shaba ya kuruka juu. Baada ya kushinda tufe aliketi kwenye piano katika makao ya timu yake, akawapigia wenzake muziki wa Beethoven. Mikono ile ile.

Lakini medali zilimgharimu. Watu wa muziki walimtilia shaka: mtupa tufe, piano ataiweza wapi? Kwa miaka kadhaa akaukwepa muziki wa Liszt, kwa kuwa ulikuwa na nguvu mno, kama wa kimichezo.

Nikifika hapo huikumbuka Mathayo 25. Yule mtumwa aliyefukia talanta tunamlaumu kwa uvivu, nasi tunasahau kuwa yeye mwenyewe alijitetea kwa hofu. Je, wewe umefukia nini kwa kuogopa watasema nini?

Mwaka 1951 jeraha la mguu lilimwondoa uwanjani. Piano aliendelea nayo, akifanya maonyesho kwa miaka kama 15. Mumewe alipofariki, akaingia darasani kufundisha muziki, akaifanya kazi hiyo hadi kustaafu. Alifariki mwaka 2001, akiwa na miaka 78.