Beryl Markham: Mwanamke wa Anga
Wakazi wa Tiwi wamezoea ndege ndogo zinazotua Ukunda, lakini ni wachache wanaomkumbuka Beryl Markham, mmoja wa waliotangulia katika anga ya Kenya. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto, akakua akizungumza Kiswahili na Kinandi. Tom Campbell Black alimfunza urubani. Mnamo Mei 1931 alikusudia kuandamana na Denys Finch Hatton hadi Voi. Black akamsihi asiende, akatii. Ndege ilianguka, Finch Hatton na mtumishi wake Kamau wakafa. Hata hivyo, Beryl hakuihama anga. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza. Mafuta yalipokatika akaanguka kinamasini Nova Scotia, akanusurika. Alifariki Nairobi mwaka 1986.