Padre Johnson wa Ziwa Nyasa

Mwezi huu tunamkumbuka Padre William Percival Johnson. Hapa Mzumbe hupita vijana wengi waliotoka Mbamba Bay na Liuli kuja kusoma, na baadhi yao wamebatizwa katika makanisa ambayo mizizi yake ni kazi yake.

Alizaliwa mwaka 1854, akasoma Oxford. Alikuwa akijiandaa kwa kazi ya serikali huko India, kazi ya heshima na mshahara mzuri. Askofu Steere wa Zanzibar alipotafuta watu, kijana huyu akaiacha India. Mwaka 1876 akafika pwani yetu, na mwaka huo huo akawamo katika safari ya kuwapeleka watumwa waliokombolewa mpaka Masasi.

Mwaka 1882 alifika Ziwa Nyasa pamoja na Padre Charles Janson. Baada ya muda mfupi tu Janson akaugua akafa, akazikwa kando ya ziwa. Johnson akabaki peke yake kati ya wageni. Hakurudi nyuma. Aliona kwamba vijiji vya pwani ya ziwa havifikiki vizuri bila meli, basi mwaka 1884 akaenda Uingereza kuomba fedha. Meli ikapatikana, ikaitwa Charles Janson.

Ndipo macho yakamshika. Jicho moja lilipotea kabisa, na la pili likabaki na nuru kidogo tu. Sisi wenyewe tulipoambiwa tuna mtoto wa jicho, tulikaa siku tatu bila kufungua kitabu, tukijiona tumekwisha. Na kwetu ilikuwa jambo la kupasuliwa na kurudi nyumbani kwa basi! Johnson hakuwa na matumaini ya namna hiyo. Watu wa kwao wangemwelewa kabisa kama angebaki Uingereza. Yeye akarudi ziwani, na kwa nuru ile kidogo akafanya kazi ya kutafsiri Biblia katika Kinyanja cha Likoma. Mtu aliyewahi kusahihisha madaftari usiku kwa taa ya chemli atajua hiyo ni kazi ya namna gani.

Msiba mwingine ulikuja Septemba 1895. Rafiki yake tangu Oxford, Chauncy Maples, alikuwa amewekwa kuwa Askofu mwaka huo huo. Akirudi kwenda Likoma, mashua ikapinduliwa na dhoruba, akazama. Mwaka 1901 meli kubwa zaidi ikashushwa majini, nayo ikapewa jina lake.

Hebu tufikiri kidogo. Mzee huyu alisafiri miaka mingi katika vyombo vyenye majina ya wafu wake. Wengine wetu huficha hata picha ya marehemu, isije ikatuumiza. Yeye alipanda jina la rafiki, akashuka kijiji kinachofuata, akafundisha, akapanda tena.

Hakuoa. Hakustaafu pia, na hapo sisi tuliokwisha kupokea pensheni tunanyamaza. Alifariki Liuli, Oktoba 1928, akiwa na umri wa miaka 74, na 52 kati ya hiyo tangu afike Afrika. Kaburi lake liko huko huko Liuli, karibu na maji.