DR. LIVINGSTONE NA NYOTA

Wengi wetu hapa Tabora twalijua tembe la Kwihara alimokaa Dr. David Livingstone. Mimi napenda kueleza habari zake za kupima nyota.

Alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813. Mwaka 1852, mjini Cape Town, mtaalamu Thomas Maclear alimfundisha kupima nyota kwa sekstanti, chombo chenye vioo na kidarubini. Kimo cha nyota kilimjulisha umbali wake toka Ikweta. Lakini kujua alipo mashariki au magharibi kulitaka saa sahihi. Mwaka 1867 mchukuzi wa saa hizo alianguka, zikaharibika, vipimo vikapotoka.

Mwaka 1872 alingoja wapagazi Kwihara, akaondoka Agosti. Mwaka uliofuata kosa lile lilichangia kumpoteza katika mabwawa ya Ziwa Bangweulu, naye mgonjwa, akafa. Chuma, Susi na wenzao walichukua maiti yake, wakapitia Unyanyembe kwa njia ya misafara hadi Bagamoyo.

Basi, sisi tutazamao nyota kwa darubini ndogo tukumbuke: jicho kali halitoshi, tuandike na saa sawasawa.