Andrew Still: Daktari aliyezika wanawe, akaacha dawa na kuamini mikono

Mwaka 1864, homa ya uti wa mgongo iliingia nyumbani kwa daktari mmoja huko Kansas, Marekani, ikaondoka na watoto watatu. Muda mfupi baadaye nimonia ikamchukua mwingine.

Madaktari waliitwa, dawa zikatolewa, lakini wapi. Baba wa watoto hao alikuwa Andrew Taylor Still, na msiba huo ndio uliobadili maisha yake.

Still alizaliwa Agosti 6, 1828 katika jimbo la Virginia. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti na pia tabibu, hivyo kijana alijifunza kazi kwa mzee wake. Alipinga utumwa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka alipigana upande wa Kaskazini.

Dawa za enzi hizo nazo zilikuwa balaa: zebaki, afyuni, pombe. Baada ya mazishi, Still alianza kujiuliza kama hazidhuru kuliko kuponya. Akazama kwenye mifupa, akichunguza jinsi mwili ulivyoungwa.

Juni 22, 1874 alitangaza njia yake. Aliamini mwili ukikaa sawa na damu ikipita vizuri, hujiponya wenyewe. Baadaye akaiita osteopathi.

Wengi walimwona kachanganyikiwa. Chuo Kikuu cha Baker, ambacho familia yake ilisaidia kukianzisha, kilimnyima nafasi ya kueleza mawazo yake. Akahamia Missouri, na mwaka 1892 akafungua chuo chake mjini Kirksville. Wanawake walipokelewa tangu darasa la kwanza, jambo ambalo vyuo vingi vya udaktari wakati ule havikutaka hata kulisikia.

Alifariki Desemba 12, 1917 akiwa na miaka 89.

Mbegu yake iliendelea kuota. Katikati ya karne ya 20, daktari wa osteopathi Fred Mitchell alibuni tiba ambayo mgonjwa mwenyewe anatumia misuli yake. Inatumika pia kwa mbavu.

Chukulia ubavu wa kwanza, ule wa juu kabisa, umegoma kupanda unapovuta pumzi. Mtaalamu anazuia kichwa chako kwa mkono, nawe unausukuma taratibu kwa sekunde 3 hadi 5, kisha unalegea. Misuli ya shingo iliyoshikana na ubavu huo inauvuta juu, huku mkono wake wa pili ukiuelekeza. Mnarudia mara 3 hadi 5. Hakuna kukandamizwa wala kuvunjwa-vunjwa.

Lakini mikono ina mipaka. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria leo inatibiwa kwa antibiotiki, na zipo chanjo za kuikinga. Still alikuwa na sababu ya kuziogopa dawa za zama zake, ila dawa iliyoweza kuwaokoa watoto kama wake ilikuwa bado haijagunduliwa.

Warithi wake wameshika vyote viwili. Marekani leo, madaktari wa osteopathi wanaandika dawa na kufanya upasuaji kama madaktari wengine.

Nawe ukibanwa na kifua, anzia hospitali. Si kila maumivu ya mbavu ni ya misuli. Mengine ni moyo au mapafu, na hayo hayasubiri kukandwa.