Ibn Battuta: Safari ya Haji Iliyochukua Miaka 24

Mwezi wa Juni 1325, kijana wa miaka 21 aliwaaga wazazi wake mjini Tangier, Moroko, akashika njia ya Makka. Jina lake Ibn Battuta. Alitoka peke yake, bila ya mwenzi wala msafara, na huzuni ya kuwaacha wazazi wangali hai ilimjaa moyoni. Nia yake ilikuwa kuhiji, na kulizuru kaburi la Mtume (S.A.W.) huko Madina.

Lakini njia ndefu humzidishia mtu haja. Kijana huyu alikuwa amesoma sheria ya dhehebu la Imam Malik. Alipojiunga na msafara wa mahujaji mjini Tunis, wakamfanya kadhi wao. Ibada na kazi zikaandamana. Huko Iskandaria, Misri, walii mmoja akamtabiria kuwa atafika Bara Hindi na China. Tangu hapo hamu ya kuiona dunia ikamwingia.

Alihiji mwaka wa 1326, kisha badala ya kurejea kwao akaendelea mbele. Kila alikopita aliwatafuta wanavyuoni na kuyazuru makaburi ya mawalii, wala hakukataa zawadi za masultani. Mnamo 1331 alifika pwani yetu. Mombasa alilala usiku mmoja tu, akakuta watu wa dhehebu la Shafi, wacha Mungu, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Akateremka hadi Kilwa, ambako Sultani Hasan bin Suleiman alisifika kwa ukarimu. Baadaye akawa kadhi Delhi, na tena katika visiwa vya Maldivi. Hata hivyo Makka hakuisahau. Alirudi kuhiji mara kadhaa.

Alipokanyaga tena Moroko mwaka wa 1349, baba yake alikuwa amekwisha kufa miaka mingi, na mama yake alichukuliwa na tauni miezi michache tu kabla yake. Naye alifariki kiasi cha miaka 20 baadaye.

Je, aliiharibu nia yake? La. Sheria haimkatazi haji kutafuta riziki wala elimu njiani, maadamu ibada ndiyo iliyotangulia. Leo twaruka kwa ndege na kufika kwa saa chache, lakini nia bado huzaana safarini. Kila msafiri na aichunge ile ya kwanza, wala asiwasahau aliowaacha nyumbani.