Robert Hooke, Mwenye Kros

Najua wengi wenu mngependa kusoma habari za mashujaa wa vita. Mimi nimemchagua Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1703, na sababu yake ni lori.

Likizo iliyopita nilisafiri na mjomba wangu katika lori lake kutoka Moyale kuja hapa Buna. Kila alipotia gia, chini kulikuwa kunalia ka-ka-ka. Taniboi alimwambia ni kros ya propela imekwisha. Mjomba akasema tutafika tu. Hatukufika! Kros ilikatika porini, propela ikaanguka, tukalala hapo siku mbili, watu watano na jerikeni moja ya maji. Niliogopa, sifichi.

Fundi alipofika alinionyesha kros yenyewe. Ni msalaba mdogo wa chuma unaoshikwa na panda mbili, moja ya upande wa injini, nyingine ya upande wa magurudumu. Kwa sababu ya msalaba huo, chuma kinazunguka hata kikiwa kimepinda. Kila ncha ina kikombe chenye vijiti vyembamba kama sindano, na grisi. Grisi ikiisha na vumbi likiingia, chuma kinasaga chuma, nafasi inaongezeka, kelele inaanza, halafu siku moja, kwisha.

Gharama ilikuwa kubwa na taniboi akaenda zake. Mjomba akashauri niache shule nichukue nafasi yake, maana baba yangu ni marehemu. Mama alinyamaza.

Shule zilipofunguliwa nilimwuliza mwalimu wa Fizikia habari za kros. Kumbe jina lake lingine ni kiungo cha Hooke, yule yule wa Kanuni ya Hooke tuliyoisoma kidato cha pili kwa springi na uzani! Basi nikaanza kumtafuta vitabuni.

Robert Hooke alizaliwa tarehe 18 Julai 1635 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Alikuwa mtoto mgonjwa-mgonjwa, lakini alipenda kuunda vitu kwa mikono. Mwaka wa 1648 baba yake alifariki. Robert alikuwa na miaka 13, na urithi wake ulikuwa kama pauni 40. Alikwenda London kujifunza uchoraji, akauacha, akaingia shule ya Westminster. Baadaye alifika Oxford, akawa msaidizi wa mwanasayansi Robert Boyle, akamtengenezea pampu ya hewa.

Mwaka wa 1662 chama cha wanasayansi cha London kilimpa kazi ya kuwaonyesha majaribio katika mikutano yao. Si mchezo, kwa maana alitakiwa kuwa na jambo jipya kila mara. Mwaka wa 1665 alitoa kitabu cha picha za vitu vidogo alivyoviona kwa hadubini, na humo ndimo alimotoa jina la seli, lile la Biolojia ya kidato cha kwanza. London ilipoungua mwaka wa 1666, alikuwa mmoja wa waliopima viwanja ili mji ujengwe upya.

Kiungo chake alikieleza katika kitabu cha mwaka wa 1676. Hakukifikiria kwa lori, kwani hayakuwapo. Alikitaka kwa vyombo vya kutazamia jua na nyota. Wengine hukiita kadani, kwa jina la Mwitalia Cardano aliyemtangulia. Leo kiko hata baharini. Kuna boti ambazo injini hukaa ndani, upande wa tezi, na mguu wenye rafadha hukaa nje. Katikati ndipo penye viungo hivi, ndani ya mpira uliokunjwa-kunjwa. Mpira ukipasuka, maji ya chumvi huingia, chuma kinashika kutu, na boti huanza kulia inapokata kona, kama lori la mjomba. Isitoshe, maji yanaweza kuizamisha. Sisi adui yetu ni vumbi, wao ni maji.

Hooke hakuwa malaika. Alikuwa mgomvi, akabishana na Newton juu ya nani alitangulia kuwaza nguvu ya uvutano. Alifariki London tarehe 3 Machi 1703, hakuoa, na sandukuni mwake zilikutwa maelfu ya pauni. Leo hakuna picha yake ya hakika, wala kaburi lake halijulikani lilipo. Lakini kros inazunguka chini ya kila lori linalopita hapa Buna.

Jambo moja limenigusa zaidi. Inasemekana mgongo wake ulikuwa umenyooka mpaka alipofika miaka 16, ukaanza kupinda kwa kuinamia mashine ya kukerezea. Mimi nina miaka 16. Nilimsimulia mama habari hizo jioni moja, na kesho yake akaenda kwa mjomba. Wamepatana kwamba nimalize kidato cha nne, na likizo niingie chini ya lori kutia grisi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami sasa nikisikia ka-ka-ka, sinyamazi.